USUKANI ALISHIKA NANI?

Sehemu ya Kumi na Moja

Nasr bado amesimama kwenye mlango wa studio mjini Sur, Omani, msomaji. Wiki nzima tumemwacha pale na neno lake moja, na neno lenyewe halijapoa.

"Sikuwa mimi niliyekuwa nikiendesha gari, shemeji."

Shukriya alikuwa na gitaa mapajani. Vidole vilimganda juu ya nyuzi. Thani, mwenye studio, alivua hedifoni akazima mashine bila ya kuambiwa.

"Umesema nini?"

"Umenisikia."

"Rudia!"

"Siku aliyokufa Hala, aliyeshika usukani si mimi. Miaka minne nimenyamaza. Leo nimeshindwa."

Kwa aliyetukuta njiani: Hala alikuwa dada mkubwa wa Shukriya, na mke wa Nasr. Mafuriko ya wadi, mto mkavu unaojaa ghafla mvua inyeshapo, kule Dima wa Tayyin yalilizoa gari lao mchana kweupe. Hala alitafutwa siku mbili. Nasr aliwaambia polisi kwamba yeye ndiye aliyekuwa akiendesha, akafungwa miezi mitatu.

Siku zile Shukriya alikuwa mwalimu wa skuli ya watoto wadogo mjini Ibra, na kuimba kwake kulikuwa kwenye harusi za jamaa, na gitaa la baba yake. Aliimba kantri, zile nyimbo za wachunga ng'ombe wa Marekani ambazo mzee alizipenda tangu Tabora, akizisikiliza redioni Jumapili baada ya chakula. Shukriya alizitilia Kiswahili. Watu walimcheka, kisha wakamzoea, kisha wakawa hawafungi harusi bila yeye.

Msiba ulipoingia, alijifungia chumbani. Alipotoka alikuwa na wimbo.

Wimbo ule ulipita simu kwa simu, Ibra hadi Sur, Sur hadi Maskati, ukavuka bahari ukafika Tabora na Bujumbura. Ndipo ikaja albamu ya kwanza, *Vumbi la Tabora*. Nyimbo tisa. Nane watu walizipenda. Moja walilia nayo:

*Usukani alishika nani, Hala wangu, usukani?*
*Nilikungoja mlangoni, chai yako i mezani.*
*Yeye karudi nyumbani,*
*wewe umelala mchangani.*

Jina halikutajwa. Halikuhitajika. Kila mtu alijua "yeye" ni nani.

Na sasa huyo "yeye" alikuwa mlangoni.

"Mwongo!" Shukriya alisimama, gitaa likagonga kiti. "Polisi uliungama mwenyewe."

"Niliungama."

"Ukafungwa."

"Nikafungwa."

"Leo albamu ya pili imebakisha siku nne kutoka, ndiyo unakuja na maneno mapya?"

Angekasirika, ingekuwa afadhali. Nasr hakukasirika. Alikuwa amekonda, kanzu yake inamning'inia mabegani kama ya kuazima.

"Sikuja kwa ajili yangu. Mimi nimezoea. Nikikaa msikitini mtu hujisogeza, nimezoea, wallahi. Nimekuja kwa ajili ya Shurooq."

Shurooq ni mtoto wa pekee wa Hala. Mama yake alimwacha wa miaka mitatu. Sasa ana saba.

"Kafanywa nini?"

"Juzi karudi skuli hataki kula. Wenzake wamemwimbia wimbo wako ndani ya basi. Wote pamoja, na makofi. Kaniuliza, 'Baba, wewe umeua mama?'"

Shukriya alikaa chini.

"Nasikia umeurekodi upya kwenye albamu hii," Nasr aliendelea. "Utoe. Hilo tu ninalotaka. Sikuombi unisafishe jina."

"Nani aliendesha, Nasr?"

"Utoe wimbo, shemeji."

"Nani?"

Nasr alikwisha geuka. Alisema bila ya kutazama nyuma.

"Muulize mama yako."

*

Thani alijaribu kumzuia. "Ya Shukriya, usimsikilize, huyo ana lake! Tumebakisha nyimbo mbili tu." Alikuwa akizungumza na kiti kitupu. Shukriya alikuwa ndani ya gari.

Kutoka Sur hadi Ibra hakukumbuka hata kilomita moja.

Bi Sheha, mama yake, alikuwa jikoni anapika vitumbua.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umepauka hivyo? Kuna nini?"

"Nani aliendesha gari siku ile?"

Bi Sheha hakugeuka. Kitumbua kilianza kuungua chunguni na hakukigusa.

"Nani kakutia maneno?"

"Nasr."

"Nasr! Na ile yamini aliyoniapia? Aliniapia juu ya msahafu kwamba hatasema mpaka..."

Akaziba mdomo kwa kiganja. Alikuwa amechelewa.

"Aliapa asiseme nini, mama?"

Bi Sheha alizima jiko. Alivuta kiti akakaa, akaanza kuufuta unga mikononi, kidole baada ya kidole.

"Haya. Umetaka mwenyewe. Ni Hala. Hala ndiye aliyeendesha. Nasr alimsitiri mkewe, hakutaka watu waseme marehemu kajiua kwa ukaidi wake. Basi, khalas, umejua. Mwache mwenzio alale."

Hala!

Kwa dakika moja Shukriya aliamini. Dada yake alipenda mwendo, hilo nani hakulijua? Moyo ulimchoma upya, safari hii kwa kumkasirikia maiti. Alitaka kulia na kilio hakikuja.

"Sheha."

Sauti ilitoka mlango wa ndani. Sauti ya taratibu, iliyokwaruza.

"Sheha, usimsingizie maiti. Hana mdomo wa kujitetea."

Mzee Marhoun alikuwa amesimama na mkono mmoja ukutani. Baba yake Shukriya, ambaye watu wote walijua alikuwemo garini siku ile, abiria tu. Dereva wa malori Tabora miaka kumi na minane kabla ya kuileta familia Omani, mtu aliyemfundisha mwanawe gitaa kabla hajajua kusoma. Mtaa mzima wa Ibra ulijua kwamba kila asubuhi, akitoka kusali, huomba apigiwe wimbo wa bintiye kwenye simu. Majirani walisema, tazama fahari ya mzazi.

"Marhoun, rudi ukalale. Presha yako..."

"Presha yangu haijaniua miaka minne. Haitaniua leo." Akamtazama Shukriya. "Niliendesha mimi, mwanangu."

Aliendelea kabla hawajamkatiza.

"Tulikuwa tunatoka kutoa mkono wa taazia kwa jamaa zake Nasr. Gari ni la Nasr, nikamwambia nipe ufunguo, nimechoka kubebwa kama mzigo. Tukalikuta wadi linashuka. Nasr kasema tungoje. Hala kasema, 'Baba, maji yanapanda.' Nikawacheka. Nikasema, mimi nimeuvuka mto Malagarasi na lori la tani kumi, leo nikiogope kijito?"

Mzee aliupangusa uso kwa kiganja.

"Kijito, nilisema."

"Na polisi?" Shukriya aliuliza. "Ulimwacha vipi Nasr afungwe?"

"Niliamka hospitali siku ya tatu. Hala keshazikwa, Nasr keshachukuliwa. Nikamwambia mama yako, niitieni polisi."

"Sikuwaita," alisema Bi Sheha. Sasa alikuwa amenyooka kitini, macho makavu. "Nilimwendea Nasr kabla hawajamchukua. Nilimpigia magoti. Mimi, mtu mzima, mama mkwe wake, nilipiga magoti mbele ya mwanamume aliyelowa maji. Nikamwambia, nimeshampoteza mtoto, usiniongezee na mume. Mzee wa miaka sabini na mbili ukimtia ndani hatoki hai. Akaitikia kwa kichwa. Baadaye akaniapia juu ya msahafu. Unihukumu unavyotaka, Shukriya, lakini babako yuko hapa anapumua."

Shukriya hakumsikia. Kulikuwa na jambo linamjia, polepole, na alitamani lisifike.

"Mstari wa tatu," alisema.

Mzee aliinamisha kichwa.

"Nilikwama kwenye mstari wa tatu wiki nzima, baba. Ukaja chumbani na kahawa. Nikakuimbia, nikakwambia hapa sina neno. Wewe ndiye uliyenipa."

"Yeye karudi nyumbani," alisema mzee. Aliutamka tu, hakuuimba.

"Nilidhani unamsema Nasr."

"Nilijisema mimi."

"Na kila asubuhi? Unapotaka upigiwe?"

"Mtu akikosa, mwanangu, hupigwa, yakaisha. Mimi sikuwa na wa kunipiga. Nilikuwa na sauti yako."

Hapo kilio kilikuja. Kilimshika Shukriya kwenye mbavu, akajikunja mbele ya jiko la mama yake kama mtoto aliyeanguka. Alimlilia Hala upya. Alimlilia Nasr, ambaye kwa miaka mitatu alikuwa akimwimbia ubaya mbele ya watu, huku wanapiga makofi. Baba yake alitaka kumshika bega na hakuthubutu.

Bi Sheha ndiye aliyemwinua.

"Toa wimbo, sawa. Lakini niahidi. Hutamtaja baba yako mbele ya watu. Niahidi, au unizikie mume."

Shukriya aliahidi.

*

"Wimbo unatoka, Thani."

"Unatoka kwenda wapi?"

"Hautakuwemo kwenye albamu."

Simu ikalipuka. "Umeingiwa na wazimu? Watu wanakuja kwenye uzinduzi wa Nizwa Alhamisi kwa sababu ya wimbo huo! Ndio uliokutoa harusini ukakutia redioni. Unadhani wanakuja kukusikiliza ukiimbia malori?"

"Basi Alhamisi nitawaambia mwenyewe kwamba si wa kweli."

"Mwimbaji akisema wimbo wake ni uongo, nani atamwamini wa pili? Fikiri, ya Shukriya. Miaka mitatu tumeijenga hii sauti."

"Na mimi nimeijenga juu ya mgongo wa mtu," alisema, akakata.

Simu ya pili ilikuwa ngumu zaidi.

"Shemeji, nimeambiwa."

Shukriya aliendelea haraka.

"Njoo Nizwa Alhamisi. Mlete Shurooq. Nataka asikie kwa masikio yake."

"Watatutemea mate."

"Njoo, Nasr. Kaeni mbele."

"Na mzee utamtaja?"

"Hapana. Nimeahidi."

"Basi hujui watu," alisema Nasr. Lakini alikuja.

*

Alhamisi baada ya alasiri ukumbi wa harusi pale Nizwa ulijaa hadi milangoni. Familia zilitoka Ibra, Sur, Maskati, wazee waliozaliwa Tabora na Mwanza na Bujumbura, na wajukuu wao ambao Kiswahili wanakisikia zaidi kuliko kukisema. Wengine walikuja na viti vyao.

Nasr alipoingia na kumshika mwanawe mkono, minong'ono ilipita ukumbini kutoka safu hadi safu. Mwanamke mmoja wa safu ya mbele alilikusanya pindo la baibui lake asiguswe. Mwingine alihama kabisa. Nasr alikaa. Shurooq, mwenye nywele zilizosukwa mikia miwili, alikaa akitazama viatu vyake.

Upande wa pili, karibu na mlango, Bi Sheha alikuwa amekaa na Mzee Marhoun. Mzee alikuwa amekataa kubaki nyumbani.

Shukriya aliimba nyimbo tano za albamu mpya. Aliimba vizuri, na kila mtu aliona kwamba moyo wake haupo. Makofi yalikuwa ya heshima.

Kisha sauti moja nyuma ikaanza. "Usukani!"

"Usukani! Usukani!"

Ukumbi mzima ukashika. Walikuwa wakipiga miguu chini. Kando ya jukwaa Thani alimfanyia ishara: imba, mara moja tu, imba.

Shukriya alivua mkanda wa gitaa begani akaliweka chini.

"Sitauimba," alisema.

Kelele zilizidi, walidhani anawatania.

"Sitauimba leo wala kesho. Wimbo ule una uongo ndani yake. Niliuimba sikujua. Nasr, mume wa dada yangu, hakuendesha gari siku ile. Namwomba radhi mbele yenu nyote. Shurooq, mwanangu, baba yako hakumuua mama yako."

Mtoto aliinua kichwa. Kwa kitambo kidogo, kidogo sana, mambo yalielekea kuwa mema.

"Nani basi?" aliuliza mzee mmoja katikati.

Shukriya alimtazama mama yake. Bi Sheha alitikisa kichwa, mara moja.

"Hilo sitasema."

Lo! Angejua, asingefungua mdomo.

"Katishwa!" mwanamke alipaza sauti. "Huyo shemeji kamtisha!"

"Miaka minne alikuwa wapi asiseme?"

"Mtu kaungama mwenyewe polisi, leo mnataka kutufanya watoto?"

"Mtoe nje! Damu ya Hala inamlilia!"

Chupa ya maji ilirushwa. Haikumpata Nasr, ilipiga mguu wa kiti cha Shurooq ikapasuka, maji yakamlowesha mtoto soksi. Alipiga ukelele. Nasr alimwinua akamkumbatia kichwa kifuani, akimziba masikio kwa mikono yote miwili. Alikuwa akitafuta njia ya kutokea na njia haikuwepo.

"Nyamazeni! Nawaombeni!" Shukriya alipiga kelele kwenye kipaza sauti. Hakuna aliyemsikiliza. Sauti waliyoipenda miaka mitatu sasa haikuwa na nguvu hata ya kunyamazisha safu moja.

Ndipo aliposikia kelele zinakufa zenyewe, kuanzia mlangoni.

Mzee Marhoun alikuwa anapita katikati ya viti. Bi Sheha alikuwa amemshika nyuma ya kanzu, akivuta, akilia, "Marhoun, kwa haki ya Mungu! Marhoun!" Mzee hakusimama. Kanzu ilimponyoka Bi Sheha mkononi. Watu walimpisha, kila mtu akimjua: huyu ndiye baba wa marehemu, sasa atamlaani mkwe wake, na ana haki.

Alipanda ngazi tatu za jukwaa kwa kuhesabu pumzi. Akanyoosha mkono kwa bintiye.

"Nipe hiyo maiki."

"Baba, niliahidi..."

"Uliahidi wewe. Mimi sikuahidi mtu."

Akaichukua.

"Assalamu alaykum. Mimi Marhoun, baba yake Hala. Gari niliendesha mimi."

Mtu alisema *la hawla*. 

"Nasr alinikataza. Mwanangu alinikataza. Niliwacheka wote wawili. Kijana huyu alifungwa kwa ajili yangu, mkanitukania yeye, na mimi nikakaa kwangu nikinywa kahawa. Ikiwa mna chupa nyingine, nirushieni mimi."

Alivuta hewa. Shukriya alidhani amemaliza, akasogea kumshika. Mzee alimzuia kwa kiganja.

"Bado. Kuna nililowaficha hata hawa wangu wa nyumbani."

Safu ya mbele Nasr, aliyekwisha kumrudisha mtoto kitini, aliruka. "Mzee, hapana! Inatosha! Hilo hapana!"

"Acha niseme, mwanangu. Umenibebea mengi." Akaugeukia ukumbi. "Maji yalipotuchukua, Nasr alitoka dirishani. Alikuwa hai, nje, ameshika tawi. Angeweza kukaa pale. Akarudi. Lakini gari lilikuwa linazama, na alikuwa na nafasi ya kumvuta mtu mmoja. Hala alikuwa upande wake. Mkono wake niliuona, alikuwa ameunyoosha. Nasr alipita ule mkono, akanivuta mimi. Akanifikisha mwambani, akageuka kumfuata mkewe. Gari halikuwepo tena."

Bi Sheha alikaa sakafuni, katikati ya njia, kama mtu aliyekatwa miguu.

Shukriya alimtazama Nasr. Nasr alikuwa amefunika uso kwa mikono, na kwa kuwa alikuwa amefunika uso hakumwona mwanawe akishuka kitini.

Shurooq alipanda jukwaani na soksi zake zilizotota. Hakuwa analia tena. Alikwenda hadi kwa babu yake, akasimama ubavuni pake, karibu na ile maiki ambayo mkono wa mzee haukuwa na nguvu tena ya kuiinua. Alimtazama babu, kwanza. Kisha akageuka kumtazama baba yake, kule chini.

Kiswahili chake ni cha kuokoteza kwa bibi yake. Lakini ukumbi mzima ulimwelewa.

"Baba," aliuliza, "kwa nini ulitoa babu? Kwa nini hukutoa mama?"

Nasr aliondoa mikono usoni. Alimtazama mtoto, akamtazama mzee, na akafungua mdomo.

(Itaendelea)